Seli, Chembe na Kiini: Historia ya Istilahi za Elimu ya Viumbe na Hali ya Mwanafunzi wa Mombasa Bara

1. Utangulizi

Katika mtaala wa biolojia wa shule za sekondari uliorekebishwa nchini Kenya mwaka 2002, mada ya seli iliwekwa katika kidato cha kwanza, kabla ya upumuaji, uzazi na urithi. Mpangilio huo una hoja yake. Karibu kila jambo linalofuata katika elimu ya viumbe husimama juu ya mada hiyo: jani hutengeneza chakula ndani ya seli zake, damu hubeba hewa ndani ya seli zake, na mtoto huanza kuwa mtoto pale seli ya baba inapokutana na ya mama. Mwanafunzi asiyeielewa seli hubaki akikariri majina ya vitu asivyoviona, na majina yaliyokaririwa hivyo husahaulika mara mtihani unapokwisha.

Ugumu wa mada hii umezoeleka kuhesabiwa kuwa ugumu wa vifaa. Seli haionekani kwa macho, na hadubini ni ghali. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Upo pia ugumu wa lugha, nao una historia yake. Makala haya yanakusudia kuichunguza historia hiyo kwa kulitazama eneo moja, yaani Mombasa Bara: Likoni iliyo kusini ya kivuko, Kisauni iliyo kaskazini ya kisiwa, na Changamwe iliyo magharibi yake. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu ndani yake Kiswahili si lugha ya kuazima. Ni lugha ya nyumbani kwa wengi na lugha ya barazani kwa wote. Hata hivyo, mwanafunzi wa hapa hufundishwa seli kwa Kiingereza, ilhali istilahi zake za Kiswahili zilikwisha kutungwa na kuchapishwa. Swali la makala haya, basi, si kama Kiswahili kina maneno ya kutosha. Swali ni maneno hayo yalitoka wapi, yanabeba maana gani, na kwa nini hayakumfikia yule ambaye lugha ni yake.

2. Jina la kitu kilichoonekana kwa lenzi

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu cha mambo aliyoyaona kwa hadubini. Miongoni mwa vitu alivyovichunguza ni kipande chembamba cha gome jepesi ambalo hutengenezewa vizibo vya chupa. Aliona vijumba vilivyopangana, akavifananisha na sega la asali, na akakadiria kuwa katika inchi moja ya ujazo vingepatikana zaidi ya vijumba milioni 1,000. Akaviita kwa neno lililotokana na Kilatini cella, yaani chumba kidogo. Alichokiona Hooke, kwa kweli, kilikuwa kuta tu. Gome lile lilikuwa limekufa, na mwenye chumba alikuwa amekwisha kutoka. Jina, basi, lilitolewa kwa nyumba kabla mwenye nyumba hajaonekana.

Mwenyewe alionekana polepole. Katika miaka ya 1670 Antoni van Leeuwenhoek wa Uholanzi aliona viumbe wadogo wanaokwenda ndani ya tone la maji. Mwaka 1831 Robert Brown alitambua kwamba ndani ya seli za mimea mna kitu cha mviringo kinachorudiarudia. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alieleza kwamba mimea yote imejengwa kwa seli, na mwaka uliofuata Theodor Schwann akasema hivyo juu ya wanyama. Rudolf Virchow alikamilisha hoja mwaka 1855 kwa kushikilia kwamba kila seli hutokana na seli nyingine. Hapo ndipo kile kilichokuwa chumba kikawa kiumbe: kinakula, kinapumua, kinagawanyika na kufa.

Lugha nyingine zilipolipokea wazo hili zilichagua njia tofauti. Kijerumani kilichukua neno lile lile la Kilatini kikalifanya Zelle. Kiarabu kilitumia khaliyya, ambalo ndilo neno la mzinga wa nyuki, na hivyo kikarudi, kwa njia yake chenyewe, kwenye mfano wa sega alioutaja Hooke. Kila lugha ilichagua picha, na picha iliyochaguliwa ilimwelekeza msomaji wake alione jambo kwa upande fulani.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, miaka mitano tu baada ya maandishi ya Schwann. Kamusi yake ya Kiswahili, iliyosimama zaidi juu ya Kimvita, ilichapishwa London mwaka 1882. Ikiwa dhana ya seli ilikuwa bado changa Ulaya kwenyewe wakati Krapf akikusanya maneno, basi kukosekana kwa neno lake katika Kiswahili cha siku hizo hakukuwa dalili ya ufukara wa lugha. Hapakuwa na mtaalamu wa Ulaya aliyezaliwa nalo pia. Wote walilitengeneza.

Zaidi ya hayo, Kiswahili kilikuwa tayari na mlango wa kupokea elimu ya lenzi. Manahodha wa pwani waliijua darubini, neno lenye asili ya Kiajemi ambamo dur ni mbali na bin ni kuona. Kwa mfano huo huo likapatikana hadubini, lenye asili ya khurd, yaani kidogo. Jina la chombo cha kuonea seli limeundwa, kwa hiyo, kwa kanuni ile ile ya chombo cha kuonea jahazi lililo mbali.

3. Mombasa Bara na lugha ya shule

Ni makosa kudhani kwamba kufundisha kwa Kiswahili ni jambo jipya katika eneo hili. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Kisauni makazi ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakayaita Frere Town kwa heshima ya Sir Bartle Frere. Hadi leo mahali penye kengele yao panaitwa Kengeleni. Waliokaa pale walitoka pande nyingi, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, na hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kanisani, kazini na shuleni.

Changamwe ilipita njia nyingine ikafika mahali hapo hapo. Wachangamwe ni mojawapo ya Taifa Tatu katika Thenashara Taifa za Mombasa, na jirani zao wa Jomvu wana Kijomvu chao. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilipita katika ardhi hiyo, na baadaye viwanda vikafuata, ukiwamo mtambo wa kusafisha mafuta uliofunguliwa mwaka 1963. Wafanyakazi walikuja kutoka Ukambani, Taita na Nyanza, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili uani. Likoni nayo ina Wadigo, na Kisauni ina Wagiriama, ambao lugha zao ni jamaa wa karibu wa Kiswahili. Kwa hiyo, ingawa watu wa Mombasa Bara wana asili nyingi, mtoto anayeingia darasa la kwanza kwa kawaida huwa na Kiswahili mkononi.

Mombasa ndipo pia palipotolewa uamuzi uliobadili mwelekeo wa lugha yenyewe. Katika mkutano wa mwaka 1928 uliofanyika mjini humo, wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki waliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ilianza kazi mwaka 1930. Kimvita, lahaja ya mji uliowakaribisha wajumbe, kikabaki nje ya vitabu vya shule. Faida ya kuwa na lugha moja ya maandishi haina shaka. Hasara yake ni kwamba sehemu ya hazina ya msamiati ilianza kuhesabiwa kuwa ya nyumbani tu, na isiyofaa kwa elimu.

Baada ya uhuru mambo yalielekea upande mwingine tena. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilikipa Kiingereza nafasi ya kufundishia, na Kiswahili kikawa somo. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza Kiswahili kitiliwe nguvu, na mtaala wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya somo la lazima lenye mtihani. Kanuni iliyodumu ni kwamba miaka ya mwanzo ya msingi hufundishwa kwa lugha ya mahali, ambayo katika miji yenye watu mchanganyiko ni Kiswahili, na kuanzia mwaka wa nne Kiingereza hushika nafasi. Katiba ya mwaka 2010 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika mwaka 2017 haukuondoa mpaka huo wa mwaka wa nne.

Matokeo yake kwa mwanafunzi wa Kisauni au Likoni ni haya. Kwa miaka mitatu huambiwa kwa Kiswahili kwamba mmea una mizizi, shina na majani. Kisha lugha hiyo hunyamaza, na inapofika zamu ya kuambiwa shina hilo limejengwa na nini, huambiwa kwa lugha nyingine. Kiswahili kwake kinabaki lugha ya mambo yanayoonekana kwa macho, na Kiingereza lugha ya yaliyofichika. Hatua kwa hatua huamini kwamba mgawanyo huo ni wa asili.

4. Istilahi zilizotangulia darasa

Wakati huo huo kazi kubwa ilikuwa ikifanyika Dar es Salaam. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na kuanzia mwaka 1974 likatoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1970, ilikusanya na kuunda istilahi za taaluma mbalimbali, na mwaka 1990 ikachapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Utaratibu uliokubaliwa ulikuwa wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za kigeni.

Kazi hiyo ilifanywa kwa matumaini ya darasa. Tanzania ilikuwa imekifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967, na ilitazamiwa kwamba sekondari zingefuata. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika ripoti yake ya mwaka 1982, ilipendekeza kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ililirudia wazo hilo, lakini sekondari ziliendelea kwa Kiingereza. Kwa hivyo kamusi ya mwaka 1990 ilizaliwa katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa umekwisha kufungwa miaka mitano nyuma.

Upande wa Kenya, kazi ya namna hii ilifanywa zaidi na watu binafsi kuliko taasisi. Aliyejulikana kuliko wote pwani ni Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mzaliwa wa Matondoni, Lamu, aliyeishi Mombasa kwa miaka mingi. Yeye alishikilia kwamba neno jipya litafutwe kwanza katika lahaja na katika msamiati wa kale wa pwani, na kwa njia hiyo akatunga maneno kama runinga na ngamizi. Runinga limekubalika katika vyombo vya habari vya Kenya. Ngamizi halikufika mbali, kwani wasemaji walikwisha kuizoea kompyuta. Hatima mbili hizi zinatoa funzo moja: uzuri wa istilahi peke yake hauitoshi. Istilahi huhitaji mahali pa kusemwa kila siku, na kwa istilahi ya sayansi mahali hapo ni darasani.

5. Maneno matatu na mizigo yake

Istilahi zilizoenea za mada hii ni za namna mbili. Ziko zilizotoka nyumbani: chembe hai, kiini, ukuta na utando. Ziko zilizoazimwa na kutoholewa: seli, sitoplazimu, kromosomu, mitokondria. Inafaa kupima kila namna inamsaidia mwanafunzi kwa kiasi gani, na inampoteza wapi.

Chembe ni punje, kitu kidogo kabisa kilicho kimoja. Kwa sababu hiyo watu husema chembechembe nyeupe na nyekundu za damu bila kufundishwa na mtu. Uzuri wa neno hili ni kwamba linaonyesha udogo na wingi kwa mara moja. Upungufu wake ni kwamba punje ni kitu kigumu kisicho na ndani, na tena chembe imebebeshwa mizigo mingi, kwani katika fizikia ni kijisehemu cha maada yoyote, hata isiyo na uhai. Ndiyo sababu ikalazimu kuongezwa neno hai. Hapa lahaja ingaliweza kusaidia. Mahali pengi penye ch katika Kiunguja, Kimvita hutumia t: macho ni mato, chini ni tini, mchele ni mtele. Kwa kanuni hiyo umbo la Kimvita linalolingana na chembe ni tembe, nalo limekwisha kuingia katika Kiswahili sanifu kwa maana ya kidonge cha dawa. Lugha ilipata maumbo mawili ya neno moja ikayagawia kazi mbili. Huo ni mfano hai wa namna ambavyo lahaja, badala ya kuwa mzigo wa usanifishaji, zinaweza kuwa ghala la istilahi.

Seli ni neno fupi, linakubali viambajengo kwa wepesi, na linamuunganisha mwanafunzi na vitabu vya nje. Lakini kwa msemaji wa kawaida lilikuwa na maana nyingine kabla ya biolojia, nayo ni chumba cha mahabusu. Shanzu, katika upande wa Kisauni, shule ya sekondari ya Shimo la Tewa na gereza kuu la jina hilo hilo zimo katika mtaa mmoja, na neno hili linafaa kwa zote mbili. Mwalimu hapaswi kulionea haya jambo hilo. Maana zote mbili zinatokana na cella ya Kilatini, na mwanafunzi akiambiwa hivyo atalishika neno kwa kulijua asili yake, mahali pa kulikariri kama sauti tupu.

Kiini ndilo neno lenye rutuba kuliko yote, na pia lenye hatari kuliko yote. Ni sehemu ya ndani kabisa ya kitu, moyo wa mti, kokwa, hoja kuu ya maneno. Kwa maana hiyo kiini cha seli ni istilahi iliyokaa mahali pake. Hatari inakuja jikoni. Mtoto wa pwani anajua kwamba yai lina ute na kiini, na ni rahisi mwalimu kumwambia kwamba seli ni kama yai: ute ni sitoplazimu, na kiini ni kiini. Mfano huo unavutia lakini si sahihi. Katika yai la kuku sehemu ile ya manjano yote ndiyo seli yenyewe, seli moja kubwa iliyojazwa akiba ya chakula, na kiini chake cha kibiolojia kimo katika alama ndogo nyeupe iliyo juu ya umanjano huo. Ute uko nje ya seli. Mwalimu anayeijua tofauti hii anaweza kuligeuza kosa kuwa somo zuri sana. Asiyeijua huipanda picha potofu ambayo haing'oki.

Utando nao unastahili kutajwa. Ni neno la buibui, la ukungu, na la ngozi nyembamba inayofunika maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Kwa utando wa seli, ambao ni mwembamba, unanyambulika na unapitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine, si rahisi kupata neno bora zaidi. Tofauti ya ukuta na utando, ambayo huwasumbua wanafunzi wanaoikariri kwa Kiingereza, kwa Kiswahili inajieleza: mmea una vyote viwili, mnyama ana utando tu, na ndiyo sababu mti husimama bila mifupa.

6. Elimu ya dafu

Pwani ina mfano wake wa seli ambao vitabu vya shule havikuutumia. Tunda la mnazi lina majina kwa kadiri ya umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Majina haya hayakutungwa kwa ajili ya sayansi. Yalitungwa na watu waliohitaji kujua lipi la kunywa, lipi la kukuna na lipi la kupanda. Lakini hadubini ikitiwa kazini, inaonekana kwamba yanafuata kwa karibu historia ya seli ndani ya tunda.

Katika nazi changa maji yale yana viini vingi vinavyoelea bila kuta kati yao. Kiini kimoja hugawanyika kuwa viwili, viwili kuwa vinne, na maji hubaki maji. Katika umri wa dafu viini huanza kutulia kwenye ukingo wa ndani wa kifuu na kuta hujengwa kati yao. Ndiyo ile nyama laini inayokombwa kwa kijiko cha ganda. Kufikia koroma nyama imekuwa nene, na nazi inapokomaa imekuwa ngumu, imejaa mafuta na inataka mbuzi. Likiachwa hadi liote, ndani yake hujaa joya, ambalo hunyonya akiba hiyo kwa ajili ya mche.

Mfano huu unafundisha jambo ambalo si chumba cha Hooke wala punje ya chembe inayoweza kulifundisha. Hapa viini vimetangulia, na vyumba vimefuata. Mwanafunzi wa Likoni aliyekunywa dafu anaweza kuelewa, kwa maneno aliyo nayo, kwamba kuta si uhai wa seli. Maji hayo yana nafasi pia katika historia ya sayansi ya dunia. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba maji ya nazi husaidia kukuza viinitete vichanga vya mimea nje ya tunda, na mwaka 1958 F. C. Steward wa Cornell alieleza namna seli za karoti zilizolelewa katika maji ya nazi zilivyoweza kukua hadi kuwa mmea mzima. Hivyo hoja ya Virchow, kwamba seli hutoka katika seli, ilipata ushahidi wake mmojawapo kwa msaada wa tunda linalouzwa kando ya kivuko.

7. Selimundu na mitokondria

Ipo mada ambayo ndani yake lugha ya seli si jambo la mtihani tu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba hali ya seli nyekundu kupinda ilikuwa nyingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na chache katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mtu aliyerithi hali hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo sababu hali hiyo imedumu palipo na mbu wengi. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Seli zake nyekundu, zikipungukiwa na oksijeni, hupinda, hukwama katika mishipa myembamba na kumletea maumivu makali.

Kiswahili kimeupa ugonjwa huu jina selimundu. Ni istilahi iliyoundwa kwa busara. Nusu yake imetoka nje, nusu yake ni chombo cha kukatia majani, na umbo la mundu ndilo umbo la seli iliyopinda. Katika hospitali husikika pia siko seli, tamko ambalo halimwambii mzazi lolote. Mzazi wa Changamwe au Likoni aliyeelezwa kwamba chembechembe za damu ya mwanawe hugeuka kuwa kama mundu na kuziba njia amepewa maarifa ya kumwezesha kufahamu kwa nini mtoto anywe maji mengi na kwa nini homa yake isipuuzwe. Hapo inaonekana wazi kwamba neno la nyumbani na neno la kuazima si maadui.

Yako maneno, hata hivyo, ambayo hayana budi kuazimwa kisha yakafafanuliwa. Mitokondria ni mojawapo. Ni sehemu za seli zinazoutoa mwili nguvu kutokana na chakula, zina vinasaba vyake zenyewe, na mtoto huvirithi kwa mama peke yake. Kipengele hicho kimeifanya seli kuwa kumbukumbu ya historia. Mwaka 2023 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika makaburi ya pwani na bara yake, yakiwamo ya Mtwapa, ng'ambo ya hori inayopakana na Kisauni. Katika miji ya pwani vinasaba vya mitokondria vilikuwa karibu vyote vya Afrika, ilhali kromosomu za upande wa baba nyingi zilikuwa za Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Wamama wa mji wa Kiswahili, kwa ushahidi wa mifupa yao, walikuwa Waafrika. Mjadala wa asili ya Waswahili, uliowagawa wasomi kwa karne nzima, umepata shahidi mpya, na shahidi huyo anasema kwa lugha ya seli. Kijana wa Kisauni asiyeweza kuuelewa ushahidi huo kwa Kiswahili atasimuliwa habari za nyanya zake na wengine.

8. Hitimisho

Historia hii inaonyesha mambo matatu. Kwanza, Kiswahili hakikuikuta seli kikiwa mikono mitupu. Chembe, kiini, ukuta, utando, na majina ya nazi yalikuwapo, nayo hadubini ilipata jina kwa urahisi. Pili, istilahi zilizotungwa hazikushindwa kwa ubovu wake. Zilikosa darasa, Tanzania kwa kusita kwa sera ya sekondari, na Kenya kwa mpaka wa mwaka wa nne. Tatu, kila neno lina upande linaoumulika na upande linaouficha, kwa hiyo kuwa na majina mawili ya kitu kimoja, chembe hai na seli, si fujo inayohitaji kufutwa. Seli ifae kwa kuunganishia na kuundia maneno mapya, na chembe, kiini na utando vifae kwa kufafanulia.

Hata kabla sera haijabadilika, lipo linalowezekana. Mwalimu wa biolojia wa Mombasa Bara aweza kufafanua kwa Kiswahili lile alilolitaja kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kiswahili aweza kuchagua vifungu vya ufahamu na muhtasari vinavyohusu damu, dafu na selimundu, pamoja na hadithi na mashairi. Mtihani wa Kiswahili ni wa lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya, nao hauzuii sayansi kuwa maudhui yake. Mlango huo uko wazi tangu mwaka 1985. Kinachosubiriwa ni mtu wa kuupita akiwa na kamusi mkononi.